Vumbi la Safari

Raya alinipigia simu asubuhi ya Jumatatu kuniambia kwamba mama yake, Bi Zuwena, amefariki alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri. Nilisema yanayosemwa. Kabla hajakata akaongeza, kwa ile sauti ya mtu aliyelia mpaka akachoka, "Na khitma usikose, Rukia. Ile kompyuta yako bado ipo juu ya kabati." Alisema kompyuta yako, ingawa haikuwa yangu hata siku moja. Ilikuwa ya mama yake, aliletewa na mwanawe kutoka Maskati, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu niliyeitia mkono kwa kujiona fundi. Niliiweka simu juu ya meza ya jikoni nikaendelea kuchambua mchele, na baada ya muda nikagundua kwamba nautupa mchele na kubakisha chuya. Nimekuwa mtu mzima, wajukuu wananiita Nyanya Mwalimu, watu wananipisha kwenye baraza, lakini likitajwa jina la ile mashine nafsi yangu inakunjamana kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Nilizaliwa wapi, nani alinizaa na nani alinilea, hayo hayana kazi hapa. Wenye kazi ni mwaka mmoja tu, 2001, mwaka niliorudi Unguja kutoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta cha miezi sita ndani ya bahasha ya kaki. Kikwajuni, nilikokuwa nikikaa, cheti kile kilinitangulia kila mlango. Mtu akiwa na redio iliyonyamaza ananiletea, mtu akiwa na saa iliyosimama ananiletea. Niliitwa Mwalimu kabla sijapata mwanafunzi hata mmoja, na wala sikukanusha. Nilikuwa natembea na mkoba wa diski begani, zikigongana humo ndani, na nilipenda zisikike. Nilichokitaka mwaka ule kilikuwa kitu kimoja, chumba cha kufundishia. Kompyuta mbili kuukuu nilikuwa nazo, nimezifunika kwa khanga chini ya kitanda, lakini pa kuziweka sikuwa napo. Bi Zuwena alikuwa na chumba kitupu chini ya nyumba yake huko Kiponda, kilichokuwa duka la marehemu mumewe. Kwa hiyo aliponiita nikamtazamie mashine aliyoletewa, nilizipanda ngazi zake nikiwa na mambo mawili kichwani, na la mashine lilikuwa la pili.

"Angalia ngazi ya tatu, imelegea," ilinifikia sauti kutoka juu kabla mwenyewe hajaniona. Alimwambia hivyo kila aliyepanda na kila aliyeshuka, wageni na wenyeji, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kuiita fundi wa mbao. Nilimkuta amekaa kwenye sebule yake ndefu, mwanamke mweupe mwembamba wa miaka sitini hivi, miguu ameikunja juu ya busati, mbele yake sinia la mkate wa ufuta na birika la chai ya maziwa iliyonukia iliki mpaka kwenye korido. Kulikuwa na kabati kubwa la vioo lenye sahani za pambo zisizopakuliwa chakula, pangaboi lililozunguka kwa kulalamika, na meza ya duara ambayo juu yake boksi la kompyuta lilikuwa bado limefungwa kamba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe fundi? Mbona mdogo hivyo?"

"Fundi ndo mie, Bi."

"Haya, kula kwanza. Hilo boksi halina miguu, halendi popote."

Nikala. Niseme mapema kwamba katika nyumba ile nilikula mno, kwa sababu itakuja kuwa sehemu ya aibu yangu. Huku nikila, akanihadithia habari za mwanawe Khalfan, kwamba yuko Maskati mwaka wa saba, anaendesha gari la kampuni, kwamba zamani alikuwa akimletea kanda za kaseti amejirekodi akizungumza, kama walivyofanya watu wote wenye jamaa Arabuni siku zile. Unaitia kanda kwenye redio unamsikia mtoto wako anakohoa, anacheka, anausalimia mtaa mzima kwa majina. Kisha kanda zikakoma. Khalfan alioa huko bila kumwambia mama yake, na habari akaipata kwa watu, sokoni, amesimama na kikapu mkononi. Tangu hapo walizungumza kwenye simu kila Ijumaa, wakaulizana afya na hali ya mvua, na lile lililokuwa baina yao hakuna aliyeligusa. "Sasa kaniletea hii," akasema akilitazama boksi kwa pembe ya jicho, "kasema kantilia maneno humo. Sijui maneno gani ya kutiwa kwenye sanduku."

Nilikata kamba, nikaitoa mashine, nyeusi, nzito, imefungwa kwenye plastiki iliyopondapondwa na safari, na vumbi jembamba la njiani limejitia kwenye kila pembe. Nikachomeka waya, nikaifungua, ikawaka. Hapo ndipo fundi nilipokwama. Kila kitu kwenye kioo kiliandikwa Kiarabu. Orodha zilifunguka kutoka kulia, vitufe vilikuwa upande nisiouzoea, na kule Dar es Salaam nilifundishwa kila kitu kwa Kiingereza, mahali pake, kwa kukariri. Herufi za Kiarabu nilizijua, hakuna mtoto wa kwetu asiyepita chuoni kusoma Kurani, lakini mimi nilikuwa mtoro, na kusoma kwangu kulikuwa kwa kukokota herufi moja baada ya nyingine huku mdomo ukichezacheza. Na mwanamke yule aliyekaa nyuma yangu, asiyejua hata namna ya kuiwasha, alikuwa anakisoma Kiarabu kama anavyokunywa maji. Lau ningemwambia, "Bi, njoo unisomee," tungemaliza kazi nzima kabla chai haijapoa. Lakini fundi gani huyo anayesomewa mashine na mwenye mashine?

Katikati ya kioo, peke yake, mbali na vipicha vingine, palikuwa na faili moja lenye jina fupi. Bi Zuwena alisogea, akakunja uso. "Na hicho kilichojitenga ni kitu gani? Miwani yangu iko chumbani, hebu nsomee." Nilikisoma. Nilikokota mim, alif, mim, alif, na nikasimama hapo, kwa sababu sikutaka anisikie nikikokota. Mama, nilishaliona. Nikajiambia labda ni neno la Kiarabu lenye maana nyingine.

"Vitu vya mashine tu, Bi," nikamwambia.

"Aa," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nimewahi kujiuliza ni lipi hasa lililokuwa kosa katika mwaka ule, na kila nikiyapanga naona yote yametoka kwenye jibu lile. Halikuwa hata uongo mkubwa. Nilimwambia kwamba mashine ni ya mfumo wa zamani, kwamba kesho nitakuja kuiboresha, na neno kuboresha lilimfurahisha. Siku ya pili nikaja na bisibisi niliyoazima kwa fundi wa saa, na kipande cha memori, na CD ya mfumo mpya wa Kiingereza niliyoinunua Kariakoo, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Nikaifungua mashine tumboni. Bi Zuwena alikuwa akipanga sahani mezani, akanisogelea, akasimama kwa adabu kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

"Hicho nini unachomtilia?"

"Memori, Bi. Kumbukumbu. Naiongezea ili iende mbio."

"Basi ikizidi nibakishie na mie kidogo, yangu nshaimaliza."

Tulicheka sote. Nilikuwa nampenda, nalisema hili kwa sababu watu hudhani humuumiza mtu usiyempenda. Nikakaza skrubu, nikatia CD, na mashine ikaanza kuniuliza maswali kwa lugha niliyoifahamu, nami nikayajibu kwa kujinafasi, mpaka ikafika kwenye swali moja. Iliniuliza, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, kama nina hakika nataka kufuta kila kilichomo, kwa kuwa kikishafutwa hakirudi. Nililikumbuka lile faili lililojitenga. Bi Zuwena alikuwa ameshaingia jikoni, namsikia akiosha kitambaa kwenye bomba. Nikapaza sauti.

"Bi, nifute?"

"Vumbi la safari hilo, mwanangu," akanijibu kutoka jikoni. "Futa, futa lote. Na kitambaa hiki nnakuletea."

Kwa lugha yetu vumbi linafutwa na maandishi yanafutwa, neno ni moja. Aliyesikia neno lile jikoni, na kitambaa chenye maji mkononi, alisikia vumbi. Na mimi nilimsikia akisema vumbi. Nilimsikia vizuri, hapakuwa na kelele, hata pangaboi siku ile halikulalamika. Nilichokuwa nakitaka ni ruhusa, na ruhusa ilikuwa imetoka mdomoni kwake, ingawa si kwa jambo lile. Nikabonyeza. Alipofika na kitambaa akaipangusa mashine mwenyewe, pembe kwa pembe, huku kwenye kioo mstari wa buluu unasogea polepole kwenda kulia.

Mchana tulikula wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Mashine ilikuwa inang'aa, iko kwa Kiingereza, inakwenda mbio kweli. Nikamfungulia mchezo wa karata akaupenda. Nikaona wakati ni huu, nikamgusia habari za chumba cha chini, na yeye akasema tutatazama, mwanangu, tutatazama, na kwa watu wa nyumba zile neno hilo ni karibu na ndiyo.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa pale simu ilipolia baada ya sala. Bi Zuwena alizungumza kwa kupaza sauti kama desturi yake, afya, mvua, bei ya pweza, kisha akanikabidhi mkono wa simu. "Anataka kukushukuru." Sikuwahi kumwona Khalfan, nilikuwa najua picha yake tu iliyokuwa kwenye kabati, kijana mwenye masikio makubwa amevaa kanzu iliyompwaya. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kuonea haya.

"Dada, ahsante sana. Pale katikati ya kioo kuna faili. Nimeliandika Mama Sikiliza, kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, ili alitambue mwenyewe. Libonyeze mara mbili tu. Na likishaanza kusema, nakuomba utoke umwache peke yake. Nimemtaka radhi mle. Mambo mengine kwenye simu hayatoki."

"Hapana taabu, kaka," nikasema.

Hapana taabu. Niliyasema maneno hayo mama yake amekaa hatua tatu kutoka kwangu, ananitazama usoni, ananitabasamia. Nilipoweka simu akaniuliza, "Kakwambia nini?" Nikamwambia kwamba Khalfan amesema kuna maneno yake humo, lakini mashine inahitaji kifaa cha kutolea sauti, na kifaa nimekiagiza Dar es Salaam. Uongo ule niliutunga hapo hapo, ukatoka umenyooka, nikajistaajabia.

Tangu siku hiyo kila nikipanda zile ngazi aliniuliza, "Kifaa kishafika?" Aliuliza kwa upole, kama anayeulizia mgonjwa wa mbali, na nilipomwambia bado, alinikaribisha chakula. Nilikula bokoboko, nikala sambusa, nikala mikate ya kumimina. Ningeweza kuacha kwenda, lakini nilikitaka chumba, na kutokwenda kungeonyesha kitu. Siku moja nilijitia moyo nikaingia kwenye duka la kupigia simu karibu na soko la Darajani, nikaipiga namba ya Khalfan niliyoinakili kwa siri kutoka kwenye daftari la mama yake. Nia yangu ilikuwa kumwambia kila kitu, arekodi upya, alete hata kwa kaseti, na mama yake asijue. Akapokea. "Alo?" akasema. "Alo? Nani mwenzangu?" Nyuma yake nilisikia injini na mtu akicheka. Nikashindwa. Nilikuwa nimeshajenga sentensi yote kichwani lakini ilianza na neno mimi, na neno lile halikutoka. Nikaweka mkono wa simu mahali pake, nikamwambia mwenye duka kwamba laini ni mbovu.

Wakati wa masika gari la Khalfan lilipinduka njiani, nje ya Maskati, akafa papo hapo, akazikwa huko huko. Sebule ile ndefu ilijaa wanawake siku tatu, mabuibui meusi kutoka ukuta hadi ukuta, na mvua nje haikukatika. Nilikuwa jikoni nikigawa kahawa, nikajifanya mwenye shughuli nyingi. Siku ya tatu, watu wamepungua, nilimsikia Bi Zuwena akimwambia jirani yake aliyemshika mkono. Hakuwa analia. "Kafa hakunitaka radhi," alisema. "Mie nshamsamehe, Mungu shahidi yangu, nshamsamehe zamani. Lakini yeye hajui kama nimemsamehe, na mie sijui kama alitaka nimsamehe. Ndo linaloniuma." Nilikuwa nimesimama kwenye mlango na sinia la vikombe. Jibu la swali lake nilikuwa nalo mimi, peke yangu katika dunia nzima, maneno matatu tu ya Kiswahili. Alikutaka radhi, Bi. Nilirudi jikoni nikaviosha vikombe vilivyokuwa safi.

Baada ya arubaini akaniita. Sebule ilikuwa imerudishwa ilivyokuwa, sahani za pambo ziko kabatini, na kompyuta iko juu ya meza ya duara, ameifunua mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda ya moyo wake, maana eda ya mume alishaimaliza miaka mingi, hii ilikuwa ya kujitakia. Miwani ilikuwa machoni.

"Rukia, mwanangu, kifaa tena kisikushughulishe. Nifungulie hivyo hivyo. Hata sauti ikiwa ndogo ntasikia. Ntaweka sikio karibu."

Nilitazama kile kioo cha Kiingereza. Ningeweza kusema kweli hapo. Nimelipitia tukio lile mara nyingi mno, na kila mara naiona nafasi, pana kama mlango wa bohari, ninaona hata mwanga wa dirishani ulivyoangukia busati. Lakini nilikuwa na woga, na cheti, na jina la Mwalimu Kikwajuni nzima, na chumba cha chini.

"Bi, hamna kitu humo."

"Vipi hamna?"

"Siku ile ya kwanza, nilikuuliza nifute. Ukanambia futa. Ukasema futa yote."

Alikuwa anarudi nyuma, naona, anapekua siku baada ya siku kutafuta ile, mpaka akaipata. Uso wake ukabadilika polepole.

"Nilisema mie?"

"Ulisema, Bi."

Hakuwa amesema yote. Alisema lote, kwa sababu vumbi ni lote. Herufi moja nilimbadilishia na neno moja nikalificha, na kwa hayo mawili nikamtwika mzigo wangu mwanamke aliyefiwa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, kisha akaiangalia ile ncha ya mtandio kama vile ndiyo iliyomkosea. "Basi mie mwenyewe," akasema. "Kwa mdomo wangu." Nilidhani atanifukuza, na nilitaka anifukuze. Badala yake akainuka, akapakua, akaniwekea mbele yangu wali na samaki, akaniambia nile nisije nikashuka na njaa. Nikala, Mungu anisamehe, nikamaliza. Na nilipokuwa nanawa mikono akaniambia, "Chumba cha chini kichukue. Wewe huna kosa, mwanangu. Wewe uliuliza."

Kabla ya Ramadhani nilikuwa nimepaka chokaa na kuingiza kompyuta zangu mbili. Kibao kilitundikwa mlangoni. Darasa lile ndilo lililonifanya niwe nilivyo, na watu waliopita kwenye viti vyake leo wako maofisini, hotelini Kendwa na Paje, wengine wananisimamisha njiani kunishukuru. Wanakumbuka kwamba nilikuwa mkali kwenye jambo moja. Mwanafunzi akibonyeza kufuta kabla hajasoma swali la mashine kwa sauti, herufi kwa herufi, nilimtoa nje. Walidhani ni ustadi. Mwaka wa pili wa darasa mtaalamu mmoja aliyepita Unguja aliniambia kwamba vilivyofutwa kwa namna ile mara nyingi huweza kurudishwa, ikiwa mashine haijatumika sana. Nilirudi nyumbani na joto kichwani. Lakini kwenda kujaribu kulitaka nieleze ninachokitafuta na nimejuaje kwamba kipo, na tena wiki zile za mwanzo nilikuwa nimeijaza mashine ile michezo na picha zangu mwenyewe. Sikujaribu. Kila Idi nilipanda ngazi zile na sahani ya halua, nikambusu mkono Bi Zuwena, na yeye akaniombea dua mbele za watu.

Siku ya khitma nilifika mapema. Baada ya dua, watu wanakula, Raya akaanza kuwasimulia wageni visa vya mama yake, kama ilivyo kawaida mtu akishaombewa na machozi yakapumzika. Raya alikuwa Maskati mwaka ule, ameolewa huko, akarudi miaka baadaye kumwuguza mama yake, kwa hiyo kisa cha kompyuta alikipata kutoka kwa mama mwenyewe. "Fundi anamuuliza nifute, yeye yuko jikoni na tambara lake, anajibu futa yote," akasema Raya, na wageni wakacheka kile kicheko cha upendo. "Basi tangu hapo neno kufuta likakoma nyumba hii. Meza tunapangusa. Ubao tunapangusa. Hata machozi kwa mama yalikuwa yanapanguswa." Akanigeukia. "Si hivyo, Rukia? Wewe shahidi." Nikacheka na mimi. Nilikisikia kicheko changu kikitoka na kujiunga na vyao.

Walipoondoka wote, Raya akanivuta mpaka kwenye kabati. Kompyuta ilikuwa juu kabisa, na vumbi lake lilikuwa nene, la kijivu, limelala kama kitambaa cha pamba, halina hata alama ya kidole. "Alikataza isiguswe," akaniambia. "Nyumba nzima inang'aa, hii hapana. Miaka yote. Alikuwa akisema iacheni na vumbi lake." Akaishusha kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza ya duara, akanipa kitambaa chenye maji. "Hebu ipanguse wewe, ndo mwenyewe. Nitaipeleka Maskati, watoto wa Khalfan waione."

Kitambaa kilinilowesha vidole. Nikakishika na nisikipeleke popote.

"Raya," nikasema, "mama yako hakusema futa yote."

Akaningojea.

"Alisema vumbi la safari, futa lote. Vumbi. Nilimsikia. Alikuwa ananambia nipanguse, na mie nilijua, na nikafuta vilivyomo. Baadaye nikamwambia kasema yeye."

Raya alivuta kiti akakaa. Alitazama mlango waliotokea wageni, si mimi. "Nilikuwa nikimcheka," akasema. "Kila mgeni akija nilimhadithia, na mama kakaa hapo hapo anasikiliza. Anatabasamu."

Nilidhani nimeshasema yote, lakini lilibaki moja, na nikajua nisipolitoa saa ile nitakufa nalo. Nikamwambia habari za simu ya Ijumaa, na jina la faili, na kwamba ndani yake Khalfan alikuwa amemtaka mama yake radhi, aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe. Raya aliniinulia uso. Macho yake yalikuwa makavu, na yalifanana mno na ya mama yake siku ile ya miwani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu yuhai, Khalfan."

"Na hapa ulikuwa ukija mara ngapi?"

"Kila Idi."

"Kila Idi," akasema Raya.

Akainuka, akakichukua kitambaa mkononi mwangu, hakuninyang'anya, alikichukua tu, akakikamua, akakitundika kwenye mgongo wa kiti. Kisha akaishika mashine na vumbi lake, kwa uangalifu, akairudisha juu ya kabati. Nilivaa buibui langu peke yangu, nikatoka sebuleni peke yangu. Nilikuwa nimeshaanza kushuka aliponiita kutoka juu, kwa sauti ya kawaida, ile ile ya nyumba ile.

"Angalia ngazi ya tatu," akasema. "Imelegea."